Mwanangu, mafua yako yasipuuzwe

Mwanangu mpenzi,

Nimelibeba swali lako tangu tulipoongea. Uliniuliza kwa nini wenzako wakishikwa na homa ya mafua huambiwa wapumzike tu, ila wewe kila mhudumu wa afya anataka uende ukaonwe. Uliuliza kwa uchungu. Umezaliwa na VVU, unameza dawa tangu hujajua kusoma, halafu bado unatengwa hata kwenye mafua. Unastahili kuelezwa mpaka uelewe.

Katika damu kuna chembe nyeupe ziitwazo CD4. Kazi yake kubwa ni kupiga mbiu: adui akiingia, huziamsha chembe zinazotengeneza kingamwili, na zile zinazoua seli zilizokwisha kuambukizwa. VVU huingia ndani ya CD4 hizohizo, hujipachika kwenye vinasaba vyake na kuzaliana humo hadi ziishe. Mtu mzima asiye na VVU huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila mikrolita ya damu. Kwa mwenye VVU, zikishuka chini ya 200 huhesabiwa kuwa amefikia hatua ya UKIMWI.

Sasa virusi vya influenza, ndiyo hiyo homa ya mafua, vikimwingia mtu ambaye mbiu yake hailii, kinga huamka ikiwa imechelewa. Ugonjwa hukaa muda mrefu, naye huweza kuendelea kuwaambukiza wengine kwa siku nyingi kuliko kawaida. Wakati huohuo bakteria hupata upenyo kwenye mapafu yaliyojeruhiwa, na hapo ndipo inapoingia nimonia. Hiyo nimonia ndiyo inayowafanya madaktari wakuhimize uwahi.

Lakini sikia vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapotishana bure. ARV, hizo dawa unazomeza, huzuia VVU kuzaliana na CD4 hupanda tena. Mtu anayezimeza bila kukosa, virusi vyake vikafubaa hata kipimo kisivione, yuko mbali sana na hatari ya yule asiyetumia dawa. Hata hivyo si kila kilichoharibika hurudi kama kilivyokuwa. Kumbukumbu ya kinga, yaani uwezo wake wa kuwatambua maadui iliowahi kukutana nao, hubaki na mapengo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linawahesabu wanaoishi na VVU miongoni mwa watu ambao influenza inaweza kuwalemea.

Kwa hiyo chanjo, mwanangu. Ile ya sindano haina virusi hai, haiwezi kukupa homa ya mafua hata ungekuwa dhaifu namna gani. Anayekwambia vinginevyo amekosea. Ile ya kupuliziwa puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa watu wenye VVU inayopendekezwa ni ya sindano. Hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hivi hubadilika. Wataalamu hukutana mwezi wa Februari na tena Septemba kuchagua aina za kuwekwa kwenye chanjo ya msimu unaofuata. Ulizia pia chanjo ya nimokoka, bakteria anayeleta nimonia.

Na ukiugua? Homa ya mafua huja ghafla: joto, mwili kuuma wote, kikohozi, nguvu kuisha. Nenda siku hiyohiyo. Ipo dawa inaitwa oseltamiviri, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Septrini uliyokuwa ukipewa utotoni haiui virusi vya mafua, wala antibiotiki yoyote haiviui, basi usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Waambie wazi unatumia ARV gani. Kama ni dolutegraviri, uliza kwanza kabla ya kunywa vidonge vya madini kama chuma au kalsiamu, au dawa za kiungulia, kwa sababu vinaweza kuizuia isiingie mwilini inavyotakiwa.

Kikohozi chochote, hata cha siku mbili, wakupime pia kama una kifua kikuu. Kwa wengine husubiriwa wiki mbili. Kwa mwenye VVU hakuna kusubiri. Ukihema kwa shida, kifua kikabana, ukachanganyikiwa, au homa ikapoa kisha ikarudi kwa nguvu, usingoje kupambazuke. Mwamshe yeyote aliye karibu akupeleke.

Najua huwa hamu ya kula inakata ukiumwa, na kidonge kinakuwa kizito kumeza. ARV usiache hata siku moja, hasa siku hizo. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, piga simu kliniki wakwambie kama urudie.

Kipimo chako cha wingi wa virusi kikitoka, nitumie majibu, na uniambie kama chanjo wanayo hapo au tuitafute kwingine.

Nakupenda sana.

Mama yako