Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Jenereta Yetu ya Sahani ya Shaba

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tunaomba ruhusa tuseme moja kwa moja juu ya kilicho mezani mbele yako.

Hii ni sahani ya shaba yenye kipenyo cha sentimita 20, imetobolewa katikati na kupitishwa ekseli. Huku na huku kuna sumaku za duara tulizozitoa kwenye spika mbovu. Waya mmoja unagusa ekseli, wa pili unagusa ukingo wa sahani. Mpini ukizungushwa, umeme unatoka, na humu ndani hamna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, hata moja. Aliyeanza kuufanya mtambo wa namna hii ni Michael Faraday, mjini London, mwaka 1831.

Mgeni rasmi, wiki ya kwanza tulikata tamaa. Mshale wa galvanomita, yaani kipimo cha mkondo mdogo wa umeme, ulikuwa ukirukaruka bila mpango, kwa sababu waya wa ukingoni ulidunda juu ya shaba badala ya kuigusa. Tuliubadilisha kwa nyuzi laini za shaba zilizosukwa, zikabanwa kwa springi. Mshale ukatulia.

Kwa mizunguko 600 kwa dakika tulipata takriban milivolti 15. Betri ndogo ya redio ina volti 1.5, yaani mara mia ya hizo. Koili hujumlisha volti za mizunguko yake yote ya waya. Sahani ni sawa na waya mmoja tu, kutoka katikati hadi ukingoni. Lakini waya huo ni mnene mno, ukinzani wake ni mdogo sana, kwa hiyo nguvu ya mtambo huu iko kwenye wingi wa mkondo. Ndiyo maana huko Canberra, Australia, wanasayansi walijenga mtambo wa aina hii uliohifadhi nishati ya megajuli 500 na kuimwaga kwa mkupuo.

Lililotunyima usingizi ni hili. Tulizungusha sumaku peke yake, sahani ikasimama: mshale haukutikisika. Tukazigandisha sumaku kwenye sahani, vikazunguka pamoja, nasi tukiwa na hakika kwamba hatutapata kitu. Mshale ukaenda! Tulirudia mpaka jioni. Uga wa sumaku ya duara, yaani eneo linalofikiwa na nguvu yake, ni uleule pande zote za mhimili, hivyo kuizungusha hakubadilishi chochote. Kinachozaa umeme ni shaba yenyewe kupita ndani ya uga huo, huku waya wa nje umetulia.

Mgeni rasmi, mita inayosoma milivolti tuliiazima. Tunaomba utusaidie kupata ya kwetu, pamoja na sumaku za neodimi, ambazo zina nguvu zaidi, kwani uga ukiongezeka maradufu na volti huongezeka maradufu.

Sasa tunakuomba usogee ushike mpini. Ukizungusha kulia, mshale utalala upande mmoja. Ukirudisha kushoto, utalala upande wa pili.

Tunaomba kuwasilisha.