Gato ya matunda siyo tofali, shida ni kwamba munaikumbuka tarehe 23

Bwana Mhariri,

Salamu toka Kadutu. Nilisoma ile habari yenu juu ya gato (keki) za Noeli na Bonane (mwaka mpya), na pale mwandishi wenu alisema gato ya matunda ni "tofali ya kujengea" nilicheka kwanza, kisha nikakasirika, juu hiyo tofali ndiyo inanilipia minervali (karo ya shule) ya watoto.

Najua siyo yeye wa kwanza kuicheka. Kule Manitou Springs, Colorado, Marekani, tangu 1996 watu wanakusanyika kila Januari kuitupa hewani, wanashindana nani ataifikisha mbali. Sawa, watupe. Na zile za duka zenye matunda mekundu na kijani yanameremeta kama plastiki, hata mimi ningewasaidia kutupa. Lakini hapa Bukavu gato gani ingine inatufaa? Nauliza kweli, siyo maneno ya kugombana.

Mwandishi wenu anasifu sana bûche de Noël ya Wafaransa na Wabelgiji (watu wengine hapa wanaandika "bushi", utafikiri ni kitu kimetoka kwa Bashi, kabila la hapa, kule Kabare, kumbe maana yake ni kigogo cha kuni tu, juu gato yenyewe ina umbo la kigogo). Ni nzuri, sikatai, nimeshaipika. Miaka miwili iliyopita familia moja iliniomba mbili, wakalipa mbele, nikaamka usiku, nikapiga krimu ya siagi na mkono mpaka bega ikauma, nikaenda kuziweka kwa frigo ya jirani. Tarehe 24 saa nane ya mchana umeme ukaenda. Sisi tunaishi hapa karibu na Ruzizi, mabwawa yako palepale mtoni, na bado mtu anakula Noeli na mshumaa! Saa kumi na mbili wanafika kuchukua, nafungua frigo, krimu imeteremka yote iko chini ya sahani kama uji na harufu imeanza kugeuka. Yule mama aliangalia, akaniangalia, akasema polepole, "Mama Gato, hii ndiyo tulilipia?" Nikarudisha pesa yote. Mayai, siagi, sukari, makala, vyote vilienda bure.

Siku hiyo nyumbani, juu ya kabati, kulikuwa na gato ya matunda nilipika mwezi wa 11, imefungwa tu kwa karatasi na kitambaa. Haikujua hata kama umeme umeenda.

Ndiyo hapo nilielewa, hii gato ni ya watu wasio na frigo. Watu wa zamani kule Uingereza hawakuwa na frigo pia, ndiyo sababu walijaza ndani matunda makavu, sukari na pombe kali, juu sukari na pombe zinashika maji yote na ukungu haupati mahali pa kukaa. Mwaka 2017 wale wanaotunza nyumba za zamani za wavumbuzi huko Antaktika walikuta gato ya matunda ya Huntley & Palmers ndani ya kopo lake, kule Cape Adare, imekaa karibu miaka 106, wanafikiri ni ya msafara wa Robert Scott. Kopo lilikuwa limekula kutu lakini gato yenyewe walisema inaonekana na inanukia kama bado inaweza kulika. Sawa, kule ni barafu na hapa siyo barafu. Lakini mimi naomba wiki sita tu, siombi miaka mia.

Na wale wanaosema bila siagi ya kweli siyo gato ya Noeli, wawaulize Wajerumani wa Dresden. Ule mkate wao wa Noeli, Stollen, zamani ulipikwa na mafuta, juu kanisa lilikataza siagi wakati wa Majilio, mpaka Papa Innocent wa Nane akawaandikia barua mwaka 1491 ya kuwaruhusu. Mtu aliandikiana na Papa juu ya siagi! Basi na mimi nikitumia majarini musinihukumu.

Sasa sikieni namna ninapika. Mananasi natafuta yale ya kisiwa cha Idjwi, yanashuka na mashua, ni matamu na hayana maji mengi kama mengine. Nakata vidogo, nachemsha kidogo na sukari, kisha nakausha kwenye sinia juu ya mbabula (jiko la makaa) usiku, moto ukiwa umebaki jivu tu, juu jua la mwezi wa 11 hapa ni la kubahatisha, mvua inakuja bila hodi. Papai vilevile. Maganda ya machungwa nachemsha mara tatu namwaga maji ili uchungu utoke, ndiyo naweka sukari. Zabibu kavu nanunua kidogo tu, bei yake siyo ya kuongea. Maprine (plamu kavu) nilijaribu mara moja, hapana. Matunda yote nusu kilo, unga ya ngano robo kilo, majarini na sukari gramu 200 kila moja, mayai manne, mdalasini. Matunda yanalala kwanza usiku kucha ndani ya rumu, ile pombe kali ya miwa. Shemeji yangu alinishauri niweke kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, juu ni ya bei chini, nikamuambia unajua mwenyewe imepikwa na nini ile? Kwa Waprotestanti wasiogusa pombe nalowesha na chai nzito na maji ya marakuja, inatoka tamu sana, ila hiyo haikai muda, siku chache tu iwe imelika.

Furu (oveni) sina. Nachukua sufuria kubwa, mchanga chini, naweka ile ya gato ndani, mfuniko, makala (makaa) machache chini na mengi juu ya mfuniko. Moto mdogo, karibu masaa matatu. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanaweka moto wa kupika fufu (ugali), juu inaungua, ndani mbichi, wanaiongezea muda, ndiyo inakuwa tofali kweli. Na ikitoka wanaikata palepale! Hii gato siku ya kwanza haina ladha, lazima ipoe, ifungwe, kila wiki uimwagie kijiko cha rumu, ilale. Waingereza wenyewe wana Dominika yao ya kukoroga, ile ya mwisho kabla ya Majilio kuanza, juu sala ya siku hiyo kwa lugha yao inaanza na neno linalofanana na "koroga", basi watu wakalichukua kama tangazo la jikoni. Yaani mwezi wa 11. Hapa kwetu mteja anafika tarehe 23 jioni na mfuko wa unga mkononi, "Mama, ya kesho inawezekana?" Inawezekana, lakini hiyo ndiyo ile mwandishi wenu alikula.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Mwandishi wenu apite kwangu Kadutu, aulize Mama Gato karibu na soko watamuonyesha, nitamkatia kipande cha ile ya wiki sita na chai ya maziwa, kisha aandike tena. Na hii barua muichapishe mbio, mwezi wa 11 bado haujaisha. Mukiiweka tarehe 23, watakuja wote na unga wao na mimi nitafunga mlango.

Mama Gato,
Kadutu, Bukavu