Kabla ya Kulaumu Lenzi ya Mashine Yako ya Kukuzia Picha

Wateja wengi wanaotuletea mashine za zamani za kukuzia picha, yaani zile zinazomulika picha ya filamu kwenye karatasi ili ichapwe, hasa Durst M605 na Opemus za Meopta, hutuomba tuwatafutie lenzi nyingine kwa sababu picha hutoka kali upande mmoja na hafifu upande wa pili. Mara nyingi lenzi haina kosa lolote. Negativu (filamu yenye picha), lenzi na ubao wa chini unaowekwa karatasi ni lazima viwe sambamba, na mashine iliyokaa stoo miaka mingi, ikihamishwa huku na huku, kwa kawaida huwa kichwa chake kimeinama.

Hata hivyo, kazi yetu huanzia kwenye umeme. Mpira wa waya wa zamani hukakamaa na kupasuka, na kwa kuwa mashine ni ya chuma na hutumika karibu na beseni za dawa za kusafishia picha, tunabadilisha waya wote na kuunganisha waya wa ethi kwenye mwili wake. Hatumrudishii mteja mashine bila hilo. Lenzi tunaikagua kwa tochi, maana unyevu wa pwani huzalisha kuvu ndani ya vioo. Kuvu changa hufutika, lakini ile iliyokwisha kula koti la kioo huacha alama za kudumu, na mteja anaelezwa hivyo kabla hajalipa.

Kusawazisha ndiko kunakochukua muda. Tunakwaruza mistari kwa sindano, kutoka pembe hadi pembe, kwenye kipande cha filamu kilichoungua mwanga kikawa cheusi, tunakiweka mahali pa negativu, kisha tunafungua tundu la mwanga la lenzi hadi mwisho na kukagua kila pembe ya ubao kwa kioo cha kukuzia, huku tukirekebisha skrubu za kichwa kidogo kidogo. Tundu hilo likibanwa hadi f/8, yaani likifanywa dogo, mashine iliyopinda huweza kuonekana nzima kwenye picha ndogo, na kasoro ikajitokeza siku unapochapa kubwa.

Pembe zikiwa na giza badala ya kukosa ukali, tatizo ni jingine: ama balbu imekaa kimo kisicho sahihi juu ya kondensa (lenzi nene zinazokusanya mwanga wa balbu kwenye negativu), ama lenzi ya milimita 50, inayofaa filamu ya milimita 35, imetumika kwa negativu ya sentimita 6 kwa 6, ambayo huhitaji milimita 80.

Tafadhali leta mashine pamoja na lenzi zake na kishikio cha negativu, kwa kuwa bila kishikio hicho hatuwezi kuisawazisha.