Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Usalama na Afya katika Karakana Zetu

Wanachama wenzangu,

Mkutano uliopita uliiagiza kamati izungukie karakana za wanachama, kuanzia Changamwe na Jomvu hadi Likoni hapa Mombasa, tujue hali ya usalama kwetu kabla afisa wa serikali hajaja kutuambia. Kazi hiyo imefanyika. Habari za ada, uchaguzi na ofisi zimo katika ripoti za katibu na mweka hazina, nami sitazirudia. Mimi nitazungumzia jambo hili moja, kwa sababu wengi wetu bado tunaichukulia sheria ya usalama kuwa mambo ya kofia na mabuti, na kofia zenyewe hushuka msumarini siku afisa akionekana langoni.

Kuna fikra iliyoota mizizi kwamba sheria hii ni ya viwanda vikubwa. Zamani ilikaribia kuwa hivyo. Sheria ya Viwanda ya 1951 ilitazama viwanda hasa. Mwaka 1990 ikapanuliwa iguse sehemu nyingine za kazi, na mwaka 2007 ikafutwa, mahali pake pakaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Hii ya sasa inashika kila mahali ambapo mtu yuko kazini, awe wa kudumu au wa siku mbili. Kibanda cha mabati chenye fundi mmoja na wanagenzi wawili kimo. Mwenye kibanda ndiye anayeulizwa kuhusu mashine, hewa, mafunzo na usimamizi. Eneo la kazi lisajiliwe, likaguliwe na mshauri aliyesajiliwa angalau mara moja kila miezi 12, na wafanyakazi wakifika 20 iundwe kamati ya usalama ambayo wafanyakazi nao wana viti vyao. Wachache kati yetu wana watu 20. Hao wengine wamesamehewa kamati tu, wajibu uliobaki ni ule ule.

Kauli niliyoisikia karibu kila karakana ni hii: "Huyu si mfanyakazi, anajifunza tu." Naomba tuiache. Sheria ya usalama, na ile ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ambayo nayo ni ya 2007, zote mbili zinamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Kijana uliyeletewa na mamake umfundishe grainda, akikatika kidole, ni mfanyakazi wako aliyeumia kazini.

Sasa maziwa. Kuna waajiri kati yetu wanaojiona wamemaliza wajibu wakishamnunulia fundi wa kuchomelea paketi ya maziwa jioni, "yamsafishe kifua". Maziwa huenda tumboni, moshi umeshaenda mapafuni, na njia hizo mbili zikishaachana kooni hazikutani tena. Najua imani hii ilikotoka. Fundi akishinda anachomelea mabomba yaliyopakwa zinki, usiku humjia baridi, homa, viungo kuuma na ladha ya chuma mdomoni. Wengine hukimbilia dawa ya malaria. Homa hiyo inatokana na moshi wa zinki, na kwa kawaida huisha yenyewe baada ya siku moja au mbili, uwe umekunywa maziwa, chai au maji ya kisima. Lakini aliyekunywa maziwa akaamka mzima huyapa maziwa sifa, na kesho yake anarudi kwenye moshi ule ule. Anywe, ni chakula kizuri, ila yasiandikwe katika hesabu za usalama.

Homa ile hupita. Kinachobaki ndicho cha kutisha. Mwaka 2017 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Ajali humwaga damu, watu wakakusanyika. Mapafu hayamwagi kitu. Fundi anastaafu mapema, anakohoa nyumbani kwake, na hakuna anayekiunganisha kikohozi hicho na karakana.

Tufanyeje? Wanaosimamia usalama wa kazi wana mpangilio wao wa kuuliza, na vifaa vya kujikinga viko mwisho wa foleni. Huanza kwa kuuliza kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa kabisa, kisha kama kitu hatari kinaweza kubadilishwa kwa kingine. Ikishindikana, mashine au jengo limzuie mtu asifikiwe, na kazi ipangwe ili watu wachache wawe karibu kwa muda mfupi. Barakoa inakuja baada ya hayo yote, kwa sababu inategemea mtu kuivaa sawasawa kutwa nzima katika joto la Mombasa, na ninyi mnalijua joto la Mombasa.

Mfano mzuri tuliukuta Jomvu. Mwanachama mmoja anakwangua zinki na rangi pande zote mbili za kiungo kabla ya kuwasha moto, basi sehemu kubwa ya moshi haizaliwi. Meza yake ameifunga magurudumu. Wakati wa kaskazi anaielekeza hivi, kusi ikiingia anaigeuza, upepo ukate ubavuni mwa fundi. Nilimwuliza kwa nini usipite mgongoni. Akaniwashia moto nione: upepo ukitoka nyuma, mwili wa fundi unaukinga, na moshi unajizungusha mbele ya kifua na kumpandia usoni. Gharama yake yote ni magurudumu manne na msasa. Kitu kingine anachokataa ni kuchomelea chuma kilichosafishwa kwa dawa za kuondoa grisi zenye klorini kabla hakijaoshwa na kukauka, kwa sababu joto na mwali wa kuchomelea huweza kuigeuza dawa hiyo kuwa fosijeni, gesi iliyotumika kuua watu katika Vita Kuu ya Kwanza. Waliokuwa nami kwenye kamati walidhani anatutania.

Karakana nyingine hazikuwa hivyo. Tuliona mitungi ya oksijeni imelazwa juani bila mnyororo, imepakana na chupa za oili. Tuliona grainda zilizovuliwa kinga ya diski "ili ifike ndani". Kelele hatukuzipima, lakini mahali ambapo tulilazimika kupayukiana tukiwa tumesimama bega kwa bega, sidhani kwamba kile kikomo cha kanuni za 2005, desibeli 90 kwa saa 8, kinaheshimiwa. Kwa hayo barua zimeshapelekwa kwa wahusika.

La pipa nalisema waziwazi mbele ya wote. Mteja analeta pipa lililokuwa na petroli au thina, anataka likatwe liwe jiko au tangi la maji, na fundi analichungulia, anaona halina kitu, anawasha tochi ya gesi. Petroli yenyewe haiungui ikiwa kioevu. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na pipa "tupu" ndilo lenye nafasi ya mchanganyiko huo. Lililojaa hadi mdomoni lina hewa kidogo sana. Sheria inakataza kuchomelea au kukata chombo kilichobeba kitu kinacholipuka au kushika moto kabla ya kuondoa kitu hicho na mvuke wake. Kusuuza kwa maji ya bomba mara moja hakutoshi. Kama huna njia ya uhakika ya kulisafisha na kulipima, mrudishie mteja pipa lake. Atanuna, atakwenda kwa jirani. Jirani naye yuko hapa ukumbini, ananisikia.

Kwa wanaofungua betri kuukuu, sihitaji kwenda mbali. Owino Uhuru ni hapa hapa Jomvu. Kiwanda cha kuyeyusha risasi, ile metali iliyomo ndani ya betri, kilifanya kazi ubavuni mwa makazi ya watu, na sumu ikaingia kwenye damu ya wafanyakazi na ya watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha. Risasi haina harufu na haina haraka. Inatoka karakanani katika nguo na nywele za baba, inaingia nyumbani, na mtoto ndiye inayemharibu zaidi, hasa ubongo. Kwa hiyo nguo za kazi zibaki kazini, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na mahamri yasiliwe kwenye meza ya betri. Asiyeweza hata hayo aache kazi ya betri.

Lililobaki ni la kuripoti na bima, na hapa ndipo tunapopenda kumalizana kienyeji. Mtu anaumia, anapelekwa hospitali, familia inaitwa, wazee wanakaa, pesa kidogo zinatolewa. Kumsaidia aliyeumia ni jambo jema, wala sheria haikukatazi. Lakini wajibu wa kuripoti hauondoki: kifo kiripotiwe ndani ya saa 24, na majeraha mengine ndani ya siku 7, kwa ofisi ya mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mfanyakazi naye hahitaji kuthibitisha kwamba ulikosea. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini. Aliyepoteza kabisa na kwa kudumu uwezo wa kufanya kazi anastahili fidia ya mapato ya miezi 96. Wale wanaosema "tutakutana mahakamani" wajue kwamba tangu uamuzi wa Mahakama ya Upeo wa Desemba 2019, madai haya huanzia kwa mkurugenzi, si kwa hakimu.

Piga hesabu ya miezi 96 ya mshahara wa fundi wako mmoja, kisha uitazame karakana yako uone ungeuza nini. Ndiyo maana sheria inamtaka kila mwajiri awe na bima ya majeraha ya kazini, na ndiyo maana wengi tuliowatembelea, ambao hawana, hawakupenda swali hilo. Hoja yao ni bei: mwenye watu watatu akienda peke yake kwa kampuni ya bima hana sauti. Kamati inapendekeza chama kijadiliane kwa niaba ya wanachama wote, ada ikusanywe pamoja na ile ya mwaka, na kila karakana ipeleke majina ya watu wake, wanagenzi wakiwemo. Hoja hii itapigiwa kura mara tu mweka hazina atakapomaliza ripoti yake. Anayetaka kuipinga nitampa nafasi, ila aje na hesabu mkononi.