Somo la maadili lisiwe imla

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wa Historia ya Tanzania na Maadili hapa Dodoma, pamoja na wanaoandaa semina za maadili kwa watumishi.

Kila unapozuka mjadala wa kuporomoka kwa maadili, hakosekani wa kusema kwamba Wagiriki wa kale walishalimaliza jambo hili: mwanafalsafa Socrates alifundisha kuwa fadhila ni maarifa, basi watu wapewe elimu na maovu yatapungua. Matokeo yake wanafunzi wanaandikishwa maana ya uadilifu na sifa tano za mtu mwadilifu, kengele inalia, kipindi kimekwisha. Hapo Wagiriki wanasingiziwa.

Neno lao ni arete. Sisi tumelifasiri "fadhila", na kwa sikio la Mswahili fadhila ni hisani, ndiyo ile ambayo ya punda ni mateke. Arete ni ubora wa kitu katika kazi yake. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, alichoandika Plato mwanafunzi wake, Socrates anatoa mfano ambao mkulima wa zabibu wa Hombolo hahitaji kuelezwa mara mbili: matawi ya mzabibu unaweza kuyakata kwa jambia au kwa kisu chochote, lakini hakuna kitakachoyakata vizuri kama kisu kilichotengenezwa kwa kupogolea. Anayepogoa kwa panga butu anajua kinachofuata: tawi linachanika, jeraha linachelewa kufunga, magonjwa yanapata mlango. Kisu kile kina kazi yake, kwa hiyo kina ubora wake. Kisha Socrates anauliza: roho ya mtu nayo kazi yake ni ipi? Mwanafunzi akianzia hapo, uadilifu unaacha kuwa orodha ya makatazo.

Kuhusu maarifa, Socrates, aliyenyweshwa sumu huko Athens mwaka 399 KK, hakuhutubia watu. Aliuliza, na utaratibu wake unafaa darasani. Muulize mtu: ujasiri ni nini? Pokea jibu lake bila kulipinga. Mwombe akubali mambo mengine mawili matatu anayoyaamini mwenyewe, kisha muone kama hayo na jibu lake vinaiva chungu kimoja. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Laches, jemadari mwenye jina hilo anasema jasiri ni asiyeiacha nafasi yake vitani akakimbia. Socrates anamkumbusha wapanda farasi wa Scythia, kaskazini mwa Bahari Nyeusi, wanaopigana huku wakirudi nyuma. Kwetu mwalimu aulize hivi: mchungaji aliyeona fisi watatu jioni akawaswaga mbuzi mbio hadi zizini, huyo ni mwoga? Darasa litasema hapana, na jibu la kwanza litakuwa limeangushwa na waliolitoa. Watajaribu tena: ujasiri ni kuvumilia. Je, anayevuka korongo lililofurika kwa ubishi tu?

Mambo huharibika sehemu tatu. Kwanza, mwalimu hawezi kuvumilia ukimya. Wanafunzi wakikwama anatoa jibu mwenyewe. Kumbe kukwama ndiko kulikokuwa kunatafutwa. Katika mazungumzo mengine ya Plato, yanayoitwa Meno kwa jina la mtu anayezungumza na Socrates, Socrates anamchorea mtumwa kijana mraba wenye pande za futi 2, eneo lake futi 4 za mraba, akimtaka apate mraba wenye eneo la 8. Kijana anasema kwa kujiamini: pande ziwe futi 4. Wanahesabu, inatoka 16. Anajaribu 3, inatoka 9. Anakiri hajui. Hapo tu ndipo Socrates anapochora mstari kutoka pembe hadi pembe, na kijana anaona kwa macho yake kwamba mstari huo ndio upande wa mraba wa 8. Chora hayo kwa kijiti kwenye mchanga wa uwanja wa shule kabla ya kugusa mada ya maadili. Darasa lijifunze kwamba aliyekiri kutojua yuko mbele ya yule aliyesema 4.

Pili, mwalimu anayageuza maswali kuwa dhihaka. Mmoja akichekwa leo, kesho hakuna wa kunyoosha mkono. Tatu, anapokea orodha badala ya maana. Meno alipoulizwa ubora ni nini alitaja wa mwanamume, wa mwanamke, wa mtoto, wa mzee; Socrates akamwambia ameomba kimoja akapewa kundi zima la nyuki. Warina asali wa Manyoni wataukubali mfano huo: nyuki wanatofautiana kwa mengi, lakini si katika kuwa nyuki.

Mwishoni mwa mazungumzo hayo ya Meno kuna jambo linalogusa semina zetu moja kwa moja. Aliyebahatisha njia sahihi ya kwenda mji wa Larissa atafika sawa na anayeijua. Tofauti ni kwamba mawazo sahihi yasiyo na sababu yanafanana na sanamu za Daedalus, fundi wa hadithi za Kigiriki, zinazotoroka zisipofungwa. Sifa tano za daftarini ni sanamu ambazo hazijafungwa. Zinatoroka siku bahasha inapowekwa mezani.

Hata maarifa yaliyofungwa vizuri, kwa mwanafalsafa Aristotle (384–322 KK), hayatoshi. Alikaa miaka 20 katika shule ya Plato, na bado alisema wazi kwamba dai la Socrates, kuwa hakuna atendaye ubaya akijua, linapingana na tunayoyaona. Mlevi anaweza kughani beti za mwanafalsafa Empedocles, maana yake isimguse. Asiyeweza kujizuia anamfananisha na mji unaopitisha sheria nzuri zote kisha hauzitumii. Sisi tunaoishi kwenye mji wa Bunge tuusome mstari huo polepole.

Kwake yeye, mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, kama Mgogo anavyolijua zeze kwa kulipiga. Vivyo hivyo huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Mazoea hujenga tabia, na Kigiriki chenyewe kinayatoa maneno hayo mawili kwenye shina moja. Anaweka masharti matatu: mtendaji ajue anachofanya, akichague kwa ajili ya chenyewe, na akifanye kutoka kwenye tabia isiyoyumba. Anaongeza kwamba kujua kuna uzito mdogo sana katika hayo. Wanaokimbilia maneno peke yake anawafananisha na wagonjwa wanaomsikiliza daktari kwa makini wasifanye hata moja aliloagiza.

Kwa hiyo somo linahitaji kazi ya mikono. Mwanafunzi mmoja akabidhiwe fedha za darasa kwa mwezi, asome hesabu mbele ya wenzake kila Ijumaa, kisha apokee mwingine. Mchoyo apewe zamu ya kugawa uji, kwa sababu Aristotle anasema tujivute upande ulio kinyume na tunakoegemea, kama wanaonyoosha mbao zilizopinda. Mwalimu akisimamia hayo kwa fimbo, atapata mtoto anayetenda sawasawa kwa woga, na sharti la pili litakuwa limekosekana. Darasa la watoto 80 ligawanywe makundi ya kumi kumi kwa maswali. Socrates alihoji mtu mmoja mmoja, wala njia yake haiendi kwa kuitikia kwa pamoja.

Na wanaotunga mitihani, nawaomba waache "taja sifa tano". Wampe mtahiniwa yule mchungaji na fisi wake, waulize kama alikuwa jasiri na kwa nini, kisha maksi zote ziende kwenye hiyo "kwa nini".

Msomaji wako,
Ipagala, Dodoma