Kabla ya kuongeza dozi, ulizeni kidonge cha tezi kinamezwa pamoja na nini

Bwana Mhariri,

Hapa Bukavu, mgonjwa ambaye tezi yake ya shingo inafanya kazi kwa uvivu akirudi na TSH ya juu (homoni ya ubongoni inayoiamrisha tezi, hupanda homoni ya tezi ikipungua), mara nyingi jibu ni lilelile: ongeza levotiroksini, yaani homoni ya tezi ya kidonge. Kutoka mikrogramu 75 hadi 100, kutoka 100 hadi 150. Mwili bado mzito, baridi haitoki, choo kigumu. Sisi wa upande wa dawa tunaomba swali moja litangulie: kidonge hicho kinamezwa wakati gani, na pamoja na nini?

Mtu mzima ambaye tezi yake imekufa kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 za levotiroksini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 ni kama 100. Akifika 200 na TSH haijashuka, tusiendelee kupanda ngazi. Ama dawa hailiwi kila siku, ama haifiki kwenye damu.

Tazameni asubuhi ya kawaida. Kidonge kinateremshwa kwa kahawa, au kwa uji wa masoso, na soja iliyomo inakizuia kupenya. Mama mjamzito anakimeza pamoja na kile cha chuma cha kuongeza damu alichopewa kliniki. Chuma hukishika tumboni, sehemu kubwa ikaishia chooni. Naye ndiye asiyefaa kupungukiwa, maana mimba huongeza mahitaji tangu wiki za mwanzo. Dawa imezwe kwa maji matupu, tumbo tupu, saa nzima kabla ya kula. Chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia zikae mbali nayo masaa manne. Chuma kingoje chakula cha mchana. Anayeshindwa asubuhi ameze wakati wa kulala, masaa matatu baada ya bugali ya jioni.

Vidonge vya kuuzwa kimojakimoja, vimetolewa kwenye plaketi na kufungwa katika karatasi, tunavikataa. Mwanga na unyevu huviharibu, na msimu wetu wa mvua haukosi unyevu.

Tumbo lenyewe nalo huweza kuwa kizuizi: gastriti (uvimbe wa ukuta wa tumbo) ya muda mrefu, au omeprazoli ya kila siku, hupunguza asidi inayoyeyusha kidonge. Wanaotibiwa kifua kikuu kwa rifampisini, au kifafa kwa fenitoini, mwili wao huiunguza levotiroksini haraka. Hao ndio kweli wanahitaji kuongezewa, kisha kupunguziwa matibabu yakiisha, jambo ambalo husahaulika hadi moyo uanze kwenda mbio.

Kipimo cha TSH kisifanywe kabla ya wiki 6 hadi 8 tangu dozi ibadilishwe. Nusu ya dawa hukaa mwilini kama siku 7, na TSH hutembea polepole kuliko dawa yenyewe. Aliyeruka mwezi mzima akameza siku tatu kabla ya kutolewa damu atakuta T4 (homoni ya tezi katika damu) nzuri na TSH ya juu, na daktari atakuna kichwa bure. Afadhali aseme ukweli. Vitamini za nywele zenye biotini ziachwe angalau siku 2 kabla, kwani huweza kudanganya mashine.

Na sombe, majani ya muhogo? Muhogo usioandaliwa vizuri huizuia tezi kuchukua iodini. Katika kisiwa cha Idjwi jambo hilo lilichunguzwa sana kwa sababu ya rovu, uvimbe wa tezi shingoni. Lakini anayemeza homoni iliyokwisha tengenezwa hana sababu ya kunyimwa sombe, wala chumvi yenye iodini haichukui nafasi ya kidonge chake.

TSH ikitulia na uchovu ukabaki, pimeni wingi wa damu, vitamini B12 na sukari. Mama aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa yakakosekana na hedhi haikurudi, TSH yake huweza kuonekana ya kawaida wakati tezi ya ubongoni ndiyo iliyoumia. Huyo apimwe T4 huru na kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Kotisoli ikiwa chini itibiwe kwanza, kwani levotiroksini ikitangulia inaweza kumwangusha.

Wahudumu wa dawa, Bukavu