Risala ya Kikundi cha Mekanika ya Vitu Yabisi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utafiti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa Ndaki,
Wahadhiri, mafundi sanifu na wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu na kufika mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi.

Kikundi chetu kinaunganisha wanafunzi wa uzamili, wa uzamivu na wahadhiri wasaidizi. Kilianza na watu 6 kwenye kona ya karakana, leo tuko 23. Mafanikio yetu ni makubwa: tuna semina kila Alhamisi (umeme ukiwepo), na programu ya CalculiX, ya kukokotoa kwa kompyuta jinsi vitu vinavyopinda na kunyooka, ambayo ni ya bure, tumeiweka kwenye kompyuta 9, kati ya hizo 7 zinawaka. Vilevile tuna fulana, kama unavyotuona.

Mheshimiwa, baada ya mafanikio hayo tuna changamoto moja tu. Mashine yetu ya kuvuta vyuma haina ekstensomita, kifaa cha kupima chuma kinavyorefuka kikivutwa.

Tunaomba uvumilivu wako tueleze. Kipande cha chuma laini chenye kipenyo cha milimita 12.5, kikipimwa kwenye urefu wa milimita 50, hufika mwanzo wa kulegea, yaani pale kisiporudi tena urefu wake wa awali, kikiwa kimerefuka takriban milimita 0.06 tu. Ekstensomita hubanwa kwenye kipande chenyewe, ikasoma urefu huo mdogo. Sisi tunasoma mwendo wa kichwa cha mashine, na ndani ya mwendo huo kuna kujinyoosha kwa nguzo na skrubu, na kuteleza kwa taya. Kipande chenyewe kina ukakamavu wa karibu kilonyutoni 491 kwa kila milimita. Mashine ikiwa na ukakamavu wa 100, moduli ya Young ya chuma (kipimo cha jinsi chuma kinavyokataa kunyooka), ambayo ni takriban gigapaskali 200, inasomeka 34. Ukiiingiza namba hiyo kwenye modeli, kenchi inayopinda milimita 10 itaonekana inapinda karibu 59. Na hapo hata tukigawa wavu wa elementi, yaani vipande vidogo ambavyo kompyuta hukokotoa kimoja kimoja, mara elfu jibu halirekebiki. Litatulia vizuri kabisa, ila litatulia mahali pasipo sahihi.

Tumeambiwa tufanye marekebisho ya hesabu. Tumefanya. Huvutwa kwanza kipande kinene sana, mwendo wa mashine ukapimwa na kutolewa. Lakini taya hujikaza polepole mzigo ukiwa bado mdogo, na huko huko ndiko moduli inakopimwa. Tumeambiwa pia tubandike geji za straini, vipimio vidogo vya kugundishwa kwenye chuma vinavyosoma straini, yaani urefu ulioongezeka ukilinganishwa na urefu wa awali. Geji hutumika mara moja tu, na nondo yenye mbavu lazima isagwe ipate uso laini, hivyo tunapunguza chuma tunachotaka kukipima. Tena straini ikipita asilimia chache gundi huachia. Kwa nondo ya moto yenye hatua wazi ya kulegea tunasoma mzigo na mambo yanakwenda. Nondo iliyofinyangwa baridi haina hatua hiyo. Inahitaji mstari wa asilimia 0.2, unaoonyesha mahali chuma kinapobaki kimerefuka kiasi hicho, yaani milimita 0.1 katika 50, na mstari huo hauchoreki kwa kubahatisha.

Hapa ndipo ajira zinapoingia, Mheshimiwa. Mhadhiri Msaidizi hawi Mhadhiri bila uzamivu, na Mhadhiri hawi Mwandamizi bila machapisho. Mhakiki wa jarida huuliza swali la kwanza kabisa: straini ilipimwaje? Ukijibu "kwa mwendo wa kichwa cha mashine", makala imekwisha. Wenzetu hubeba vipande kwenda maabara za mbali, hupanga foleni, na muda wa usajili huisha vipande vikiwa bado kwenye maboksi.

Jambo hili si geni. Mgeni rasmi aliyetangulia kusimama hapo ulipo alitamka, mbele ya kamera, kuwa kifaa kitafika ndani ya siku 90. Tulipiga makofi mengi sana. Tumeandika barua 4 za kukumbusha kwa unyenyekevu, na tumejibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Kilichofika ni fulana hizi. Tunazishukuru kwa dhati, lakini hazipimi straini.

Kwa heshima kubwa, tunaomba ekstensomita 1 ya kubana yenye urefu wa kupimia wa milimita 50 na mwendo usiopungua milimita 25, daraja la 1 la usahihi au bora zaidi kwa kiwango cha ISO 9513, pamoja na cheti cha ugezi, yaani uthibitisho kwamba kinasoma sawasawa. Tunasisitiza plagi na chaneli zioane na kidhibiti cha mashine yetu. Kifaa kisichooana kitaishia kabatini. Makali ya akiba, yaani ncha za kifaa zinazoshika kipande, yawepo, kwa sababu nondo inapokatika hurusha kifaa ambacho hakijatolewa mapema. Na fundi sanifu apewe mafunzo ya siku 2, angalau ajue kuchomoa pini ya sifuri, ile inayokifunga kifaa mahali pa kuanzia, kabla ya kuanza kuvuta.

Ankara kifani 3, nakala za barua 4 na video ya makofi tumeziambatisha. Tunaomba pia, kama itakupendeza, tarehe utakayoitaja leo iandikwe kwenye kitabu cha wageni pamoja na sahihi yako. Kalamu ipo mezani.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kikundi